Beit al-Ajaib: Ijengwe upya, lakini kwa chokaa

Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kuikarabati, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, Unguja, ile inayotazama bustani ya Forodhani, iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Mafundi wawili walipoteza maisha. Tangu hapo swali ni moja: jumba lirudishwe vipi, au lisirudishwe kabisa?

Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya hafla na mapokezi. Nyumba za mawe za Unguja zilizoea kutii boriti. Upana wa chumba ulikoma pale mti wa mkoko ulipokoma. Barghash akaleta nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma, varanda zikalizunguka jumba na dari zikapaa juu kuliko watu walivyowahi kuona. Baadaye ukaja umeme, ikaja na lifti. Lakini kuta zake zilibaki za matumbawe na chokaa.

Kwa hiyo wanaotaka zege na nondo wana hoja: mwenye jumba mwenyewe hakuogopa teknolojia ya wakati wake. Nakubaliana nao kwenye mihimili na misingi. Kwenye kuta, hapana. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani vikiula. Pita vichochoro vya Mji Mkongwe uone plasta ya saruji ilivyobanduka vipande vipande, na ukigusa chokaa iliyo nyuma yake inamwagika kama unga.

Wengine wanasema kilichoanguka kimeanguka, na kukijenga tena ni kutengeneza nakala. Siwafuati. Mnara huo wa saa haukuwa wa 1883. Waingereza walipoipiga Unguja kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, Beit al-Hukm, kasri la jirani, ilibomolewa na mnara wa taa uliosimama mbele ya jumba ukaharibika. Mwaka 1897 ndipo mnara mpya ukaunganishwa na uso wa jengo. Jumba tulilolipenda lilikuwa tayari limeshatiwa viraka. Hata hivyo, hofu yao naielewa: ukuta mpya unaong'aa unaweza kuficha miaka ya kutojali. Roshani ya nyuma ilianguka mwaka 2012, miaka minane kabla ya msiba. Onyo lilikuwepo, na linaniuma hadi leo.

Ninachotaka ni kiungo kionekane. Pale mawe ya Barghash yanapoishia na ya kwetu kuanza, pabaki mstari ambao mtoto wa shule anaweza kuupitisha kidole. Na chokaa ipikwe, iloweshwe na kupigwa na vijana wa Unguja chini ya mafundi wazee, ili roshani nyingine ikianza kulegea kuwe na mtu wa kuitwa mapema.