Mumempa Cinderella upanga, babake mkamwacha hivyo hivyo

Nimemaliza kitabu kingine tena. Jina sitalitaja kwa sababu mwandishi wake hayuko peke yake, hivi vitabu vimejaa, hadithi ya zamani imeandikwa upya kwa ajili ya matineja wanaopenda fantasia, na nyuma ya jalada unaambiwa ni ya kifeministi. Binti ana upanga, hataki mwanamfalme, kushona anachukia, anapanda farasi usiku wa manane. Sawa kabisa. Halafu anaingia mama wa kambo na ni yule yule wa miaka yote, wivu, sauti kali, anatesa mtoto bila sababu yoyote isipokuwa kwamba yeye ni mama wa kambo, na mwishowe anakufa kifo kibaya na msomaji anatarajiwa ashangilie.

Mimi sikushangilia. Nilikasirika hapo hapo ndani ya matatu tukiwa tumekwama Jogoo Road, na bado nimekasirika ninapoandika hii.

Hebu mniambie, babake Cinderella yuko wapi? Watu wengi watakujibu alikufa. Kwa vitabu vipya ni kweli, karibu kila mara ameshazikwa kabla stori haijaanza, tena alikuwa mtu mzuri ajabu. Lakini rudini kwa zile za zamani. Kwa Charles Perrault, yule mwandishi Mfaransa, mwaka 1697, huyo baba yuko hai, anakula na kulala kwa nyumba hiyo hiyo, na msichana haendi kumlalamikia kwa sababu anajua atagombezwa yeye, mzee ameshatawaliwa na mke. Kwa ndugu Grimm, wale Wajerumani wawili waliokusanya hadithi, pia yuko hai na ni mbaya zaidi. Mwanamfalme anafika na kile kiatu, anauliza kama kuna binti mwingine hapa nyumbani, na baba mtu anasema hapana, kuna huyu tu aliyedumaa, aliachwa na marehemu mke wangu, huyu hawezi kuwa bibi harusi. Mtoto wake wa kumzaa! Anamkana mbele ya wageni, na hakuna anayemuuliza kitu. Hadithi ikiisha njiwa wanakuja kudonoa macho, na macho yenyewe ni ya akina nani? Ni ya wale mabinti wa kambo. Baba anabaki na macho yake yote mawili.

Sasa wewe mwandishi unakaa chini kuandika upya hadithi kama hii kwa jicho la mwanamke, unaona hayo yote, na unachobadilisha ni kumpa msichana silaha?

Halafu kuna hii ya Snow White ambayo ningependa kila binti anayesoma hivi vitabu aijue. Chapa ya kwanza ya ndugu Grimm, 1812, malkia anayetaka kumuua mtoto ni mamake mzazi. Aliyembeba tumboni. Kufika chapa ya 1819 wamembadilisha, amekuwa mama wa kambo. Kwa hivyo huyo mama wa kambo tunayemwogopa hakushuka kutoka mbinguni, aliwekwa pale na wanaume wawili wakirekebisha kitabu chao, ili mama mzazi asionekane akiagiza maini ya mwanawe apikiwe. Mtu alichukua kalamu akaamua. Na kama iliamuliwa kwa kalamu, mwandishi wa leo anaweza kuamua vingine. Hafanyi. Anabadilisha kila kitu mpaka rangi ya farasi, lakini pale hagusi.

Nikirudi kwa Cinderella ya Grimm, ile sehemu ya kidole ndiyo hunitoa machozi. Kiatu hakimtoshi binti mkubwa, mamake anampa kisu, anamwambia kata kidole, ukishakuwa malkia hutahitaji tena kutembea kwa miguu. Tumesomewa hiyo tukiwa watoto tukaambiwa tuone ukatili. Mimi naona mwanamke anayejua hesabu. Amezika mume au ameachwa, hatuambiwi, amekuja kwa nyumba ya mwanamume mwingine na mabinti wawili ambao hawana shamba wala jina, na anajua siku huyo mwanamume akifa watakuwa barabarani. Mlango uliopo ni mmoja tu, ni ndoa, na ni mwembamba kama kile kiatu. Anakata mtoto wake ili apite. Hiyo ndiyo hadithi ya kifeministi, imekaa hapo zaidi ya miaka 200 ikingoja mtu aiandike, na nyinyi mnakimbilia panga.

Nina sababu ya kuumwa na hii. Nililelewa na mama wa kambo, mtaa wa Umoja hapa Nairobi. Wiki niliyokuwa naenda fomu wani alikaa kwa kitanda chini ya balbu akinishonea majina, sweta mbili, shuka, taulo, mpaka soksi, kwa uzi mwekundu kwa sababu alisema mweusi utapotea kwa kitambaa. Alikuwa anavunja uzi kwa meno. Baba alikuwa sebuleni na redio yake. Ukimwendea kuhusu fizi za shule alikuwa na jibu moja tu, muulize mama yako, na mama huyo hakuwa na kazi ya mshahara, alikuwa anauza mitumba Gikomba na siku za mvua harudi na kitu. Shangazi zangu wakija hawamuulizi ndugu yao chochote, wanamwangalia yeye kutoka kichwani mpaka miguuni, wanaingia jikoni kuchungulia sufuria kama mtoto wa marehemu amebakishiwa nyama. Na mimi nilikuwa na zile hadithi kichwani, kwa hivyo kila aliponituma dukani nilijiona ndiye Cinderella, yule wa jivu.

Kwa hivyo ukiniambia ni hadithi tu, hapana. Wasichana wangapi hapa Nairobi wanarudi jioni kwa nyumba yenye mama wa kambo? Wengi. Na sheria yetu inajua, Sheria ya Ndoa ya 2014 inampa mwanamume ruhusa ya kuoa mke wa pili kama ndoa ni ya kimila au ya Kiislamu, na kile kipengele cha kumtaka mke wa kwanza akubali kilipoondolewa wabunge wanawake walitoka nje ya ukumbi kwa hasira. Nendeni pia mahakama ya Milimani msikilize kesi za urithi. Mzee amekufa bila wosia, mke mdogo upande huu, watoto wa mke mkubwa upande ule, wamekonda kwa chuki. Sheria ya Urithi imekuwa ikitumika tangu 1981, mzee alikuwa na miaka yote hiyo ya kuandika karatasi moja na hakuandika. Lakini sijawahi kusikia mtu akimlaani mzee. Wanaitana wachawi wao kwa wao.

Nakubali, shingo upande, kwamba upanga una kazi yake. Mtoto wa dadangu alikuwa hashiki kitabu kabisa, sasa anasoma kwa simu mpaka saa sita usiku kwa sababu ya hawa wasichana wapiganaji, na siwezi kumnyang'anya hiyo raha. Najua pia kuna mama wa kambo wanaochoma watoto mikono, habari zake tunaziona. Kuna akina mama wazazi pia, na kuna akina baba, andikeni wote.

Na si lazima kila kitu kitoke Ulaya. Nyamgondho, yule mvuvi wa hadithi ya Waluo, alimvua mwanamke kutoka ziwani, mwanamke akamletea utajiri, mzee akalewa na kumtukana, mwanamke akarudi majini na ng'ombe wote wakamfuata. Hakushika upanga. Hadithi nzima inajua kosa ni la nani.

Ninachotaka kusoma ni kitabu kinachoanza na baba akiulizwa maswali. Mama wa kambo awe na umri, awe na madeni, awe na mahali alipotoka. Hao mabinti wa kambo walale chumba kimoja na Cinderella na wajuane, wagombane kuhusu blanketi, wapange pamoja. Uchawi uwepo, majoka yawepo, mimi napenda majoka sana. Kama kuna mtu hapa mjini anaandika kitu kama hicho, kwa Kiswahili ama kwa Sheng', hata kama ni sura mbili tu za kwanza, anitumie nisome.