Nani Kamnenepesha Steringi?

Ati senema zimekufa. Kasema nani? Kasema bwana mmoja aliyeitazama picha nusunusu kwenye simu, kioo kimepasuka kama ramani ya visiwa, spidi moja na nusu, mkono wa pili umeshika bakuli la urojo. Kaifikisha dakika ya arubaini, kafuta mdomo, kashusha hukumu: "Siku hizi hakuna picha. Picha zilikuwa zamani."

Na baraza zima likaitikia kama dua. Mzee wa kofia ya viua naye akaguna, maana kwake yeye kila kitu kilikwisha zamani: picha, changu, adabu, na karafuu zilizokuwa zikinusika kabla jahazi halijatia nanga.

Haya. Tuhukumiane kwa hesabu basi, si kwa miguno.

Kuna jarida la Uingereza, Sight and Sound, ambalo kila baada ya miaka kumi huwauliza wakosoaji ipi picha bora ya zama zote. Walianza 1952. Ikashika nambari moja ile ya Kiitaliano ya baba na mwanawe wanaotafuta baiskeli iliyoibiwa, ya mwaka 1948. Miaka minne! Haijafika umri wa kupelekwa chuoni ishavikwa taji, na hakuna aliyesema ingojeni kwanza iote mvi. Citizen Kane ya 1941, ambayo leo kila anayetaka kuonekana msomi lazima aitaje, mwaka ule haikuingia hata kumi bora. Ikaja kutawazwa 1962, ikang'ang'ania kiti mpaka 2012 ilipoondoshwa na Vertigo ya 1958, na hiyo nayo ikaondoshwa 2022 na Jeanne Dielman ya 1975. Hii ya mwisho ni saa tatu na dakika ishirini na moja za mjane wa Brussels anayepika, anayepanga vyombo, anayemenya mbatata. Mbatata, yakhe! Hapa kwetu Unguja wapo mabibi wanaomenya mbatata za urojo tangu alfajiri, na hakuna mkosoaji aliyewahi kuwapigia hata kofi moja.

Lakini tazama tena orodha hiyohiyo ya 2022. Ndani ya mia bora zimo picha za 2016, 2017 na 2019. Basi mlango wa zamani haukufungwa, ila mchele wa zamani umeshachaguliwa chuya, na huu wa leo unauona ungoni na mawe yake yote. Mzee wa kofia huitaja Sholay, picha ya Kihindi, kana kwamba iliteremka na mvua ya masika. Ilipotoka Agosti 1975, wiki za mwanzo wakosoaji waliiponda. Kisha ikakaa jumba moja la Bombay miaka mitano mizima. India mwaka huo ilitoa picha mia kadhaa. Mwambie ataje kumi nyingine. Ataje tano. Anakohoa, anaomba kahawa.

Basi hoja haikuwapendeza, wakataka ushahidi wa macho. Televisheni ya inchi 43 ikatolewa ukumbini, ikapandishwa juu ya meza ya kahawa, waya ukapitishwa dirishani. Kijana mmoja kaja na flashi imening'inia shingoni kama hirizi. Mzee kachagua mwenyewe: picha ya Raj Kapoor, steringi wa Kihindi, ya 1951, nyeusi na nyeupe, tuone watoto wa leo watasema nini.

Raj Kapoor katokea. Baraza likanyamaza. Mzee kasogea mbele, kavua miwani, kaifuta kwa kikoi, kaivaa tena.

"Huyu nani?"

"Raj Kapoor huyo, Ami."

"Si yeye. Raj Kapoor hakuwa na mashavu haya. Nani kamnenepesha?"

Kanenepeshwa na televisheni. Picha za zama zile zilipigwa karibu na umbo la 4 kwa 3, na kioo cha leo ni 16 kwa 9. Ukiiacha televisheni ivute picha ijaze kioo, kila kiumbe kinaongezewa upana karibu theluthi moja: steringi kawa kama mandazi, gari limekuwa basi, mwezi umekuwa yai. Dawa ni kuingia kwenye umbo la picha, ukachagua 4:3 au Original, ikae na kiza pembeni. Hapo ndipo vita vilipoanza. Kiza hakitakiwi! "Tumenunua inchi 43, mnataka tutazame 35?" Na hesabu yake ni sahihi kabisa, picha ya 4:3 ndani ya kioo hicho inabaki inchi 35. Mtu aliyefeli hesabu skuli mara mbili, leo kapiga hii kichwani.

Rimoti ikaanza kutembea. Ina betri mbili, moja mpya moja ya saa ya ukutani, zimefungwa kwa mpira. Wa kwanza kabonyeza, picha ikawa Zoom: sasa hakuna kiza, na Raj Kapoor hana paji la uso. Wa pili kabonyeza, sauti ikakatika. Wa tatu, ambaye jamaa humwita fundi kwa sababu aliwahi kubadilisha balbu, kaingia ndani kabisa ya menyu, akatoka na lugha ya Kituruki. Kimya. Watu saba wanaume wazima wanaisoma menyu ya Kituruki kwa sauti, kila mmoja anadai ile ndiyo "lugha". Jamani, menyu zipeni alama, msizipe maneno: tafuta gurudumu lenye meno, kisha alama ya dunia au herufi A, teremka, English iko humo. Robo saa nzima. Kahawa imepoa, muuza kahawa mwenyewe kaweka birika chini anatoa maoni.

Picha ya zamani ikarudi na wembamba wake. Mzee katabasamu. Kijana akasema, haya, sasa mpya.

Mpya imepigwa pana, umbo la 2.39 kwa 1, kwa hiyo kiza kinahamia juu na chini. Hawakitaki pia. Zoom tena, na hapo robo ya upana imekwenda. Watu wawili wanazungumza, mmoja kushoto kabisa, mmoja kulia kabisa. Wote wamekatwa. Tunatazama meza na birika. Mazungumzo yanaendelea, birika halijibu. "Umeona?" anasema bwana wa urojo. "Picha za siku hizi hazina maana."

Kisha ngozi. Steringi anang'ara kama bwana harusi aliyepakwa liwa, na kila anapogeuka anateleza kama yumo majini. Hapa hakulaumiwi aliyeipiga. Senema hupigwa picha 24 kwa sekunde, na televisheni inataka kuchora 60 au 120, basi inajibunia za katikati, picha ambazo hakuna binadamu aliyezipiga. Matokeo yake kila kitu kinafanana na mkanda wa harusi. Kila kampuni imelipa jambo hili jina lake, TruMotion, Motionflow, Auto Motion Plus, na kiwandani huja limewashwa. Zima. Kisha, kwenye mitindo ya picha, toka kwenye Vivid, ingia Cinema au Movie, na kama ipo Filmmaker Mode chukua hiyo, inazima takataka zote kwa mpigo. Watu watalalamika picha imekuwa ya manjano. Wape dakika kumi, macho yatazoea.

Ikafika sehemu ya usiku. Ule haukuwa usiku, ulikuwa kanga iliyotiwa viraka: miraba myeusi, miraba ya kijivu, na ndani yake mtu anauliwa, au anakumbatiwa, haikujulikana. Kijana kaapa: "Hii HD, Ami, jina lake limeandikwa 1080." Mwanangu, jina hata mbuzi unaweza kumwita Simba. Faili la saa mbili limebanwa likawa megabaiti 700, hiyo ni chini ya megabiti moja kwa sekunde. Faili la jumba la senema linaruhusiwa mpaka 250. Unatazama moja ya mia tatu ya kazi ya watu, na anayebana faili huanza kuiba kwenye kiza, akitaraji huko hutatazama sana.

Sauti usiseme. Imechanganywa kwa spika sita, maneno yamewekwa ya katikati, nawe unazo mbili ndogo zimetazama ukutani. Bomu linaamsha mtaa, "nakupenda" halisikiki. Chagua sauti ya stereo kama faili linayo, isogeze televisheni mbali na ukuta. Tena kuna kopi zilizotiwa maneno na DJ: steringi kanyamaza kwa huzuni, DJ hajui kunyamaza.

Na haraka hii imetoka wapi? Watu wanakaa Jaws Corner kila jioni, pembe nzima ya Mji Mkongwe imechukua jina la Jaws, picha ile ya papa ya 1975, na papa mwenyewe haonekani sawasawa mpaka saa moja na dakika ishirini zimepita. Tena si kwa hekima peke yake. Papa alikuwa wa mashine, maji ya chumvi yakamharibu kila siku, mtengenezaji akalazimika kuonesha maji matupu na watu wakaogopa maji matupu. Mpe kijana wa leo picha ile na kidole chake: mbele, mbele, mbele, papa yuko wapi, ah, futa.

Mzee wa kofia hakukosea kila kitu, lakini. Jumba la senema la Vuga, lile lililoanza 1921 kwa mchoro wa Mwingereza Sinclair, likaungua, likajengwa upya 1955, ulikuwa ukiingia na taa zinazimwa na huna rimoti. Picha ya Kihindi ya saa tatu ni karibu kilomita tano za ukanda wa filamu, rili (magurudumu ya kuviringia ukanda) tisa hivi za dakika ishirini na kitu kila moja. Opareta, mwenye kuendesha picha, ana mashine mbili. Kwenye pembe ya juu kulia kinatokea kidoti: awashe mota ya pili. Sekunde kama saba, kidoti cha pili: ageuze. Akisinzia, ukuta mweupe, na ukumbi unamtukania mama yake. Na kopi ikiwa moja kwa majumba mawili, rili zilizokwisha huku zinakimbizwa kule kwa baiskeli. Pancha moja Mkunazini, na steringi kasimama na bastola nusu saa. Watu wanangoja! Wananunua jugu, wanabishana atapiga au hatapiga. Subira ile nayo ilikuwa sehemu ya picha, na hiyo kweli imekwenda.

Msiseme tu kwamba wapigaji wenyewe wamekwisha. Oppenheimer ya 2023, kopi yake kubwa ya ukanda, ya IMAX, zile kumbi za kioo kikubwa mno, ni rili 53, kama kilomita 18, karibu kilo 270. Ukiitandaza kutoka Forodhani inakufikisha karibu na Fumba. Kijana wa baiskeli angeomba gari la ng'ombe na ruhusa ya wazee wake. Dunia nzima kumbi 30 tu ziliweza kuionesha hivyo, na sisi tunaijadili kwa megabaiti 700. Na Vuta N'kuvute ya 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, imeoneshwa kwenye tamasha la Toronto, ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar. Ukimwekea mtu wa Mji Mkongwe, saa nzima anatafuta nyumba ya mjomba wake. Tamasha la senema la Nchi za Jahazi lipo tangu 1998, na baadhi ya hawa mafakihi wa senema wanakaa hatua chache kutoka Ngome Kongwe, palipooneshwa picha zake miaka nenda rudi.

Sawa, zipo za kutia hasira. Kipande cha kwanza shujaa kafa, cha pili kafufuka, cha tano anamfundisha mwanawe namna ya kufa. Hizo zitapetwa na wajukuu.

Baraza likakubali kwa shingo upande: kijana akalete kopi nzuri, gigabaiti 9. Karudi mnyonge. Flashi ni ya 32, na imekataa, inasema haina nafasi. Ina nafasi, sheikh, ila imepangwa kwa FAT32, mpango wa zamani wa kuweka mafaili, na huo haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Lazima iformatiwe upya, exFAT, na kwanza uhakikishe televisheni yenyewe inaisoma exFAT, za zamani nyingi hazisomi, hapo utajaribu NTFS. Na ukiformati, vyote vilivyomo vinafutika.

"Vyote?" kauliza kijana, kashika flashi kwa mikono miwili. Mna harusi ya dada yake. Kopi hiyo moja tu.

Basi ikawekwa harusi, ati kuhakikisha imo salama. Inang'ara, inateleza, imejaa kioo mpaka pembeni, hakuna aliyedai kiza. Bwana wa urojo hakugusa rimoti saa nzima. Mzee wa kofia kajiona kwenye sinia la biriani, kaamuru isimamishwe, irudishwe nyuma, isimamishwe tena.

"Hapo," kasema. "Mnaona paja lile la kuku? Lilikuwa mbele yangu. Tazameni mkono unaotoka kushoto. Mkono wa nani ule?"