Mzimu wa Maporomoko
Mwalimu wetu wa upigaji picha alikuwa na amri moja: kabla hujaweka jicho kwenye kamera, chagua hisia. Moja tu. Wenzangu wakakimbilia furaha na utulivu. Mmoja akachukua "matumaini", akaenda kupiga ua. Mimi nikachagua upweke, maana ndiyo hisia yenye heshima.

Upweke wangu ulihitaji maporomoko ya maji, na maporomoko yakahitaji mtu wa kunibebea stendi ya kamera. Nikamchukua mpwa wangu.

Sasa ufundi wenyewe. Ukitaka maji yalainike kama ukungu, shata, ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga, lazima ikae wazi muda mrefu. Asubuhi ile, kwa ISO 100, yaani kipimo cha kamera cha kuhisi mwanga, na tundu la lenzi f/11, kamera ilinipa 1/30 ya sekunde. Nikafunga kichujio cheusi cha stopu 10 (kila stopu hukata mwanga nusu), kinachopunguza mwanga mara elfu moja hivi, hesabu ikaja kama sekunde 30. Ukichungulia kwenye kichujio hicho huoni kitu, kwa hiyo unapanga picha kwanza, unakifunga, mengine unamwachia Mungu. Nikabonyeza, nikafumba macho niusikie upweke. Maji yalinguruma. Niliusikia hadi kifuani. Machozi yalikuwa njiani.

Nilipofumbua, mpwa wangu alikuwa ng'ambo ya mto.

"Umefikaje huko?"

"Nimepita tu, Mjomba. Nilidhani unasali, sikutaka kukusumbua."

Kupita si tatizo. Mtu anayetembea mbele ya shata iliyo wazi nusu dakika haachi hata alama, kwa sababu hakai mahali pamoja. Tatizo ni kamba ya kiatu. Kijana huyu, ambaye siku zote hutembea kamba zikiburuzika, siku hiyo aliamua kuwa nadhifu. Alisimama katikati ya picha yangu, juu ya jiwe jeusi, na shati lake jeupe, akainama kufunga kamba karibu nusu ya muda wote. Kamera ikajumlisha: nusu mtu, nusu jiwe. Pakatokea mgongo mweupe uliopinda, na jiwe likionekana kupitia mbavuni.

Nilipotaka kurudia, jua lilikuwa limeshapenya kwenye miti na kumwaga madoa makali juu ya maji. Nikaipeleka darasani hivyo hivyo, nikiomba Mungu waangalie kwa haraka.

Waliirusha kwenye projekta, ukuta mzima.

Kimya. Kisha mwanamke mmoja akafuta macho. "Ni mama," akasema. "Anatafuta kitu alichopoteza." Mzee aliyekaa nyuma yake akakataa: huyo ni mtu anayetubu. Wakabishana kwa uchungu kabisa, juu ya makalio ya mpwa wangu. Mwalimu akasogea karibu na ukuta, akatamka taratibu: "Mwanadamu ameinama, na maumbile yanapita ndani yake." Akanigeukia. Nilifikaje hapo?

Nikakohoa kidogo. Nilikuwa nimeandaa jibu lenye neno "subira" ndani yake.

"Kamba ya kiatu," sauti ikasema kutoka mlangoni. Alikuwa amekuja kunisaidia kubeba vifaa.

Kicheko kilipopungua nikajitetea kwa historia. Mwaka 1838, nikawaambia, Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, akiwa juu dirishani. Mtaa ulikuwa na pilikapilika zake, lakini bamba la kunasia picha lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, kwa hiyo waliokuwa wakitembea wote walitoweka. Anayeonekana wazi ni bwana mmoja aliyesimama ang'arishiwe viatu.

"Viatu tena," akasema mpwa wangu.

Mwalimu akataka picha nyingine za namna ile. Tukarudi, jiwe lile lile, shati lile lile, mwanga mzuri kuliko wa mwanzo. Nikamhesabia kijana kwa sauti: ingia, inama, tulia, toka. Akainama vizuri sana. Ila katikati ya zoezi akakumbuka kuwa anapigwa picha, akageuza uso. Nikapata mzimu unaotabasamu, meno yote nje, maporomoko yakimpita masikioni.

"Hii haina hisia," mwalimu akasema.

Mpwa wangu anasisitiza kwamba yeye alifanya kazi yake. Eti tatizo ni mimi, safari hii sikusali.