Picha za watoto zirudi ukutani

Jamaa yangu wa karibu amehamia nyumba mpya, na katika kupanga sebule ameamua kwamba picha za wanawe hazitapanda ukutani. Anasema zinaifanya nyumba ionekane ya kizamani. Mahali pake ametundika mchoro mkubwa wa miduara, alioununua kwa sababu rangi zake zinaoana na makochi. Nilikaa pale naitazama ile miduara huku watoto wakipita mbele yake wakikimbizana, nikaudhika kwelikweli. Nyumba ni yake, hilo halina ubishi. Ila jambo lenyewe limenikaa moyoni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu huyu anawapiga watoto wake picha kutwa kucha. Mtoto akinawa uso, picha. Akivaa viatu vya kushoto kulia, picha tano. Lakini mwombe akuonyeshe ile ya mdogo alipoanza kutembea: atasogeza kidole juu ya kioo cha simu, asogeze tena, mpaka mazungumzo yahamie kwingine na picha isionekane.

Kampuni ya Kodak walipotoa kamera ya Brownie mwaka 1900, filamu yake ilitoa picha 6 tu. Hata zile filamu za baadaye za picha 36 zilimlazimisha mzazi afikiri kabla ya kubonyeza, kisha asubiri zisafishwe, kisha akae mezani achague ya kuweka kwenye fremu. Kule kuchagua ndiko kulikoifanya picha iwe na thamani nyumbani. Leo tunahifadhi zote na hatukai chini na hata moja.

Na hapa ndipo ninaposimama: picha ya mtoto ukutani ni ya mtoto kwanza, wageni baadaye. Simu ni ya mzazi. Ina namba ya siri, ina kazi zake, na mtoto akiigusa anaambiwa aiache. Ya ukutani haihitaji kuombwa. Binti yangu huburuta kigoda mpaka kwenye ukuta wa ukumbini, anapanda, anaweka kidole juu ya kioo na kuuliza, “Huyu nani?” Ni wewe. Anakataa. Anasogeza uso karibu mpaka pumzi yake inaacha ukungu. “Mbona hana meno?” Basi namsimulia ya siku ile: alivyolia, nani alimbeba, nani alikuwa nyuma anacheka. Kesho anaitaka tena hadithi ileile, na nikiruka kipande ananirudisha. Mtoto huyu hawezi kuikumbuka siku ile. Alikuwa mdogo mno. Anachojua ameokota kwenye picha na kwenye maneno yangu, pale juu ya kigoda, na sasa anakisimulia kama chake. Nani atampa hayo kutoka kwenye mchoro wa miduara?

Watoto pia huhesabu. Kifungua mimba amejaa ukuta mzima, tangu kitovu hakijakauka. Kitinda mimba ana mbili, na katika zote ameonekana nusu nyuma ya bega la mtu. Usidhani haoni. Anaona, na siku moja atauliza, na jibu la “tulikuwa na shughuli nyingi” halimtoshi mtu wa miaka sita. Zisafishwe zake, hata ikibidi za kaka zipungue. Na yule mzazi ambaye ndiye mpiga picha wa siku zote, kwa kawaida mama, naye ashike nafasi mbele ya kamera. Familia nyingi zina picha za miaka mingi ambamo mama hayumo.

Kuhusu picha ipi ipande, mimi nazipenda zile ambazo mtoto hakuambiwa acheke. Piga goti uwe sawa na macho yake, mweke karibu na dirisha, zima taa ya kamera, mwache aendelee na shughuli yake. Kisha uitundike chini kidogo, aione bila kubebwa.

Nakubali, shingo upande, kwamba picha za karatasi zina kazi yake. Jua la moja kwa moja huzififisha. Picha iliyobanwa kwenye kioo bila nafasi hunata unyevu ukiingia, na ukijaribu kuibandua unabaki na uso wa mtoto umechanika. Weka katikati ya picha na kioo ile karatasi ngumu iliyokatwa dirisha. Sababu ya kwamba picha za simu hazifai kusafishwa siikubali. Picha ya sentimita 10 kwa 15 hutoka safi kwa takriban pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 1,200 kwa 1,800, na simu za leo zina zaidi ya hizo. Ila peleka ile halisi, isiyopitishwa kwenye programu ya ujumbe, maana kule huminywa.

Wapo wanaosema mtandao umeshachukua nafasi ya ukuta. Juni 11, 1997, huko California, mtaalamu wa teknolojia Philippe Kahn aliunganisha kamera, simu na kompyuta mpakato akiwa hospitalini, akawatumia jamaa na marafiki picha ya binti yake aliyekuwa amezaliwa punde. Furaha ile naielewa kabisa. Lakini ukuta wako unatazamwa na uliowafungulia mlango, na mtandaoni hujui nani yuko upande wa pili. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2024 inayowataka wazazi walinde haki ya mtoto juu ya picha yake, na kumshirikisha kulingana na umri wake.

Haki hiyo iheshimiwe ndani ya nyumba pia. Picha ya bafuni iliyowachekesha wote akiwa na miaka miwili inaweza kumtesa akifika kumi na mbili na rafiki zake wanaingia sebuleni. Akisema ishuke, ishuke siku hiyohiyo, bila kutaniwa, na achague mwenyewe ipi ipande badala yake.