Levothyrox: wastani ulifaulu mtihani, mgonjwa je?

Mwishoni mwa Machi 2017, wagonjwa wapatao milioni 3 nchini Ufaransa walianza kupewa kidonge kipya chenye jina la zamani. Levothyrox, dawa ya kampuni ya Merck ya Ujerumani kwa watu ambao tezi ya thairoidi haitoi homoni ya kutosha au imekwisha kuondolewa, ilibadilishwa viambato visaidizi: laktosi ikatolewa, manitoli na asidi ya sitriki vikaingia. Homoni yenyewe, levothairoksini, ilibaki ileile, kwa mikrogramu zilezile. Karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi ilivitaja viambato vipya, lakini haikusema waziwazi kwamba vilikuwa vipya.

Miezi michache baadaye ombi la kutaka fomula ya zamani irudishwe lilikuwa na saini laki kadhaa. Watu walilalamikia uchovu, kukosa usingizi, kizunguzungu, maumivu ya misuli, kunyonyoka nywele. Ripoti zilizofikishwa kwa mamlaka hatimaye zilipita 30,000.

Mabadiliko yenyewe hayakutokana na uroho wa kupunguza gharama. Wakala wa usalama wa dawa wa Ufaransa, ANSM, ndio uliomtaka mtengenezaji mwaka 2012 akaze masharti, ili kiasi cha homoni ndani ya kidonge kibaki kati ya asilimia 95 na 105 mpaka siku dawa inapoisha muda. Fomula ya zamani haikuweza kuahidi hilo. Hii ni dawa ambayo tofauti ya mikrogramu chache huweza kumyumbisha mtu, kwa hiyo nia ilikuwa njema. Baadaye fomula hiyohiyo ilipelekwa katika nchi nyingine za Ulaya, na kelele za kiwango cha Ufaransa hazikusikika.

Wenye kuyatilia shaka malalamiko hayo wana kisa kingine mkononi, nacho ni kizito. Mwaka 2007 New Zealand ilibadilishiwa Eltroxin, dawa ya homoni hiyohiyo, pale uzalishaji ulipohamishwa kutoka Canada kwenda Ujerumani. Kwa miaka 30 kabla ya hapo ripoti za madhara zilikuwa 14 tu. Ndani ya miezi 18 zikapita 1,400. Vipimo vilionyesha homoni ni ileile. Watafiti walipofuatilia waligundua kwamba dalili zilizotajwa kwenye televisheni ndizo zilizoongezeka katika ripoti zilizofuata. Wataalamu huita hali hii nosebo: mtu anatarajia kuumwa na dawa, na kweli anaumwa. Mwili hauigizi, maumivu ni maumivu hata yakianzia kwenye hofu. Sehemu ya ripoti za Ufaransa bila shaka ni za aina hiyo.

Ila nosebo inahitaji mtu ajue kwamba kuna kitu kimebadilika. Wafaransa wengi walisema walianza kuumwa kwanza, wakahangaika kutafuta sababu, ndipo wakasikia habari ya fomula mpya. Kumbukumbu ya mgonjwa si ushahidi wa maabara, sawa. Lakini aliyezoea kidonge kimoja kila asubuhi kwa miaka 20 anajua siku yake ya kawaida ikoje, na haikuwa busara kumjibu kana kwamba tatizo lake ni kusoma mitandao kupita kiasi.

Hapa ndipo panaponisumbua. Ruhusa ya fomula mpya ilitegemea jaribio la watu 204, wenye afya njema, waliopewa dozi moja kubwa ya mikrogramu 600 ya kila fomula kwa zamu. Kipimo kilikuwa wastani: kiasi cha homoni kilichofika kwenye damu ya kundi zima kililinganishwa, nao uwiano ulipaswa kuangukia kati ya asilimia 90 na 111. Ukaangukia. Mtihani ukapita kwa alama nzuri.

Mwaka 2019 kundi la watafiti, wengi wao wa Toulouse, lilirudia hesabu kwa takwimu zilezile za mtengenezaji, safari hii likimtazama mtu mmojammoja. Zaidi ya nusu ya wale 204 walikuwa nje ya mipaka hiyo. Fundi cherehani akimkatia mteja mmoja kanzu fupi na mwingine ndefu, wastani wa kanzu zake utakuwa sahihi kabisa.

Merck ilijibu, na jibu lake si la kupuuzwa. Kila mshiriki alimeza kila fomula mara moja tu, na mwili wa mtu yuleyule huweza kuipokea dawa ileile kwa viwango tofauti leo na kesho. Hata ungewapa kidonge cha zamani mara mbili, wengi wangetoka nje ya mipaka. Kweli. Lakini maana yake ni kwamba jaribio lile halikuundwa kulijibu swali la mtu mmojammoja kwa upande wowote: halithibitishi kwamba fulani atadhurika, wala halimhakikishii kwamba hatadhurika. Aliyeliendea kwa jibu la swali hilo, akatoka akimwambia mgonjwa "sayansi imeshasema ni kitu kilekile", alichukua zaidi ya kilichokuwamo. Lingewezekana jaribio la kumpa kila mtu kila fomula mara mbili, ili mabadiliko ya mwili yatengwe na mabadiliko ya kidonge.

Kipimo cha TSH, homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi na ambayo hupanda homoni ya tezi hiyo inapopungua, nacho hakimalizi ubishi. Maabara huchukulia takriban 0.4 hadi 4 kuwa kawaida, lakini kila mtu ana kiwango chake ndani ya uwanja huo mpana. Aliyezoea 1 akipanda hadi 3.5 ataambiwa yuko salama, na karatasi itakuwa upande wa daktari.

Uchunguzi mkubwa wa serikali, wa wagonjwa zaidi ya milioni 2, haukukuta ongezeko la vifo wala la kulazwa. Hiyo ni habari njema na isemwe kwa sauti. Ulikuta pia kwamba watu walienda kwa madaktari zaidi ya kawaida. Wapo wanaousoma mstari huo wa pili kama ushahidi wa taharuki tu. Mimi nausoma hivi: kuna mateso mengi ambayo hayampeleki mtu wodini.

Mahakama nazo hazikusema kidonge ni kibaya. Mwezi Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ya Lyon iliamuru Merck imlipe kila mlalamikaji, kati ya zaidi ya 3,300, euro 1,000 kwa kutopewa taarifa, na mahakama ya juu ikaliunga mkono hilo Machi 2022. Oktoba 2017 dawa ya fomula ya zamani ilikuwa imeshaanza kuingizwa kutoka Ujerumani kwa jina la Euthyrox, na dawa za kampuni nyingine zikafuata. Kabla ya hapo Levothyrox ilikuwa karibu peke yake sokoni, hivyo aliyeumwa hakuwa na pa kukimbilia.

Anayemeza homoni hii Dar es Salaam au Mombasa anaweza kubadilishiwa chapa na duka la dawa kwa sababu tu ile ya mwezi jana imeisha. Ushauri wa kawaida, kwamba TSH ipimwe tena wiki 6 hadi 8 baada ya kubadilisha, unamfaa pale tu mfamasia anapomwambia kwamba amebadilishiwa.