Stika nyekundu kwenye faili: saa ya sepsisi inahesabu nini?

Mgonjwa wa sepsisi haji na alama usoni. Anakuja na homa, anahema, pengine anajibu maswali kombo, na kwenye benchi lililojaa wenye homa huwezi kumjua kwa kumtazama tu. Kumbe mwili wake, katika kupambana na maambukizi, umeshaanza kuumiza viungo vyake wenyewe. Ndiyo maana idara za dharura zimekimbilia vikumbusho vya macho: bango la dalili za hatari, stika nyekundu kwenye faili, saa inayohesabu dakika tangu mgonjwa apokelewe.

Wanaovitetea wana sababu. Mwaka 2012 Rory Staunton, mvulana wa miaka 12, alifariki New York kwa sepsisi baada ya kuruhusiwa kutoka idara ya dharura arudi nyumbani. Mwaka uliofuata jimbo hilo likazilazimisha hospitali kuwa na utaratibu wa kuitambua na kuitibu mapema. Takwimu za wagonjwa 49,331 wa huko, zilizochapishwa 2017, zilionyesha kuwa kila saa ya kuchelewa kukamilisha hatua za kwanza iliendana na uwezekano wa kifo kupanda kwa takriban asilimia 4.

Wengi huishia kusoma hapo. Takwimu hizohizo zilionyesha kuwa kuchelewa kwa antibiotiki ndiko kulikokwenda na vifo. Kuchelewa kumaliza dripu ya mwanzo hakukuonyesha uhusiano huo. Bango lakini huyapanga yote mawili kwa herufi za ukubwa uleule.

Kwetu jambo hili limegharimu uhai. Utafiti wa FEAST uliochapishwa 2011 ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliomiminiwa maji ya haraka mshipani, kama asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48; wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Lusaka, Zambia, nako, kwa watu wazima 212 wenye sepsisi na presha iliyoshuka, utaratibu wa dripu nyingi mapema, dawa za kupandisha presha na kuongezewa damu ulimalizika kwa vifo vya asilimia 48, dhidi ya 33 kwa waliotibiwa kama kawaida. Sasa chukua bango lililotungwa kwa ajili ya London, kwenye vitanda vya wagonjwa mahututi ghorofa ya juu, ulibandike hospitali ya wilaya bila kugusa mstari wa dripu. Nesi atakumbushwa vizuri sana, akimbilie kosa.

Wapinzani wana hoja nyingine, nayo ni ya hofu. Saa ikianza kuhesabu, kila mwenye homa anachomwa seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, ili karatasi isomeke vizuri, na usugu wa dawa tunao tayari. Marekani waliwahi kuweka kipimo cha saa 4 kwa nimonia, watu wasio na nimonia wakapewa dawa, kipimo kikalegezwa. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 nao umelegea: antibiotiki ndani ya saa 1 kwa mwenye mshtuko (presha imeshuka hadi viungo vinakosa damu) au anayeelekea kabisa kuwa na sepsisi, hadi saa 3 kwa anayeshukiwa tu na hana mshtuko. Stika ya rangi moja haiwezi kusema hivyo. Ya rangi mbili inaweza.

Mimi naegemea stika kuliko bango. Bango likimaliza mwezi linakuwa sehemu ya rangi ya ukuta, katikati ya tangazo la kunawa mikono na kalenda ya mwaka juzi. Stika inatembea na mgonjwa, tena ina mahali pa kuandika saa kwa kalamu.

Ila tazama saa inayoandikwa. Daktari ameagiza dawa saa 2:10 usiku. Ndugu anapewa karatasi, anakwenda dirisha la malipo, anatumwa duka la dawa nje ya geti kwa kuwa la ndani limeishiwa, anapiga simu atumiwe pesa, anarudi na kichupa mfukoni. Dawa inaingia mshipani saa 3:35. Kwenye faili inabaki 2:10.