Ng'ombe Wawili Walioliwa na Hema

Mimi nakodisha mahema. Kazi hiyo nimeifanya hapa Kondele, Kisumu, kwa miaka kumi na tisa, na kwa muda huo wote sijamwona mtu akiingia ndani ya hema langu kwa furaha isipokuwa siku ya harusi, nazo harusi, kwa upande wetu huu, hazifiki hata robo ya matanga. Mkokoteni wangu ukionekana Ijumaa umebeba vyuma na turubai, majirani hawaulizi kuna nini. Wanauliza ni nani. Wateja huja na macho mekundu, husimama mlangoni mwa ghala wakitazama chini, na katika huzuni hiyo hiyo hupigania punguzo la shilingi mia mbili na kutaka kujua kama kiti cha plastiki chenye ufa mgongoni kinahesabiwa kwa bei kamili.

Kwa hiyo mkwe wangu alipokuja mwezi wa Agosti, akaketi kwenye ncha ya kochi kama inavyompasa mkwe, na kunieleza kwa heshima zote kwamba yeye na binti yetu wameamua kutupeleka mimi na mke wangu tukalale hemani, jangwani, kwa siku mbili, nilinyamaza kwa muda mrefu nikidhani kuna msiba ambao hawajapata njia ya kuutamka.

"Baba, ni hema la kifahari," akaniambia.

"La watu wangapi?" nikamuuliza, maana sisi wenye kazi hii tunayapima hivyo: la watu hamsini, la watu mia.

"Wawili tu, Baba. Wewe na Mama."

Hema la watu wawili, nijuavyo mimi, ni lile la vijana wanaosajili laini za simu kando ya barabara. Hata hivyo sikubisha, kwa sababu mzazi akipewa zawadi hukubali kwanza na kulalamika baadaye, na mimi sina haraka.

Bei niliijua wiki moja baadaye. Mke wangu aliipata kwa binti yetu, naye akaniambia nikiwa nimeshika kikombe cha chai, jambo ambalo halikuwa la busara. Usiku mmoja ndani ya lile hema ulikuwa na thamani ya ng'ombe mmoja mzima, wa maziwa, mwenye afya. Hapa ni lazima nieleze kwamba mkwe wangu ni kijana mzuri, lakini aliahidi mahari ya ng'ombe wanane na akaleta sita, na wale wawili waliobaki wamekuwa "njiani" tangu mwaka 2018, muda ambao ungewatosha kutembea kwa miguu kutoka Cairo wakilala kila mji. Sasa nilikuwa naambiwa kwamba fedha za ng'ombe wawili zimepatikana, na kwamba zimenunuliwa siku mbili za turubai.

Mke wangu alikuwa na tatizo lake jingine. Kwa mila zetu za Kijaluo mzazi halali nyumbani kwa mkwewe. Tukienda kumwona binti yetu, tunakula, tunabeba mjukuu, na jua likianza kuinama tunatafuta matatu ya kurudi. Je, hema lililolipiwa na mkwe ni nyumba ya mkwe? Swali hilo lilikaa nyumbani kwetu siku tatu. Alimpigia dada yake simu kule Ahero, akampigia mama mmoja mzee wa kanisani, na hatimaye akatoa hukumu akiwa anachambua omena: nyumba ina msingi, ina kizingiti, ina mlango wenye bawaba, na hema halina chochote kati ya hivyo. "Zipu si mlango," akasema, na mambo yakaishia hapo. Nakuomba msomaji uishike hukumu hiyo, kwa maana itarudi.

Tuliondoka Kisumu alfajiri, tukapita Nakuru, tukapanda Nyahururu, tukashuka Nanyuki, na tukalala Isiolo katika gesti niliyoilipia mwenyewe ili dhamiri ya mke wangu itulie. Kesho yake lami ilituchukua kupitia Archer's Post na Laisamis hadi Marsabit, mji ulioketi mlimani penye msitu na ukungu, mahali ambapo mtu mwenye akili angesema tumefika, akavaa sweta, na kuagiza supu. Sisi tulishuka upande wa pili, tukaiacha lami, tukaipita Maikona, na tukaingia Chalbi.

Chalbi zamani za kale lilikuwa ziwa, na sasa ni uwanja wa udongo mkavu uliotandazwa chumvi, mweupe, bila mti wala jiwe la kukupa kipimo cha umbali. Mvua ikinyesha sana maji hutuama juu yake na magari hukwama; isiponyesha, kama siku ile, hakuna kinachotuama isipokuwa jua. Saa saba mchana niliona maji mbele yetu, mengi, yanang'aa. Mimi ni mtu wa Kisumu, nimezaliwa nikiliona ziwa, na sikufikiri kuna wa kunidanganya katika somo hilo. Nikawaambia wote garini kwamba ziwa lile linatunzwa vizuri kuliko letu, na nikalisifu hasa kwa kukosa magugumaji. Mkwe wangu akakaza macho barabarani na kuuma midomo, na binti yangu akanieleza kwa sauti ya kumsemesha mgonjwa kwamba yale yalikuwa mazigazi: ardhi ikichomwa na jua, hewa iliyo karibu nayo hupata joto kali na kuupinda mwanga, ukaona mbingu zimelala chini ukadhani ni maji. Tangu hapo sikusifu kitu chochote hadi tulipofika.

Sasa hema lenyewe, na hapa nitasema kwa haki. Kabla ya kusalimiana vizuri na meneja nilikuwa nimeshika upindo wake kati ya vidole viwili, kama mama anavyopima kitenge sokoni. Lilikuwa turubai la pamba, zito, rangi ya mchanga, limeshonwa mshono wa kurudia, na kila pembe iliyobeba kamba imewekewa kiraka cha ngozi ili isichanike. Juu ya paa kulikuwa na paa la pili lililoachiwa nafasi ya kama urefu wa mkono, upepo ukapita katikati na kulifukuza joto. Mahema yangu ni ya plastiki, na saa nane mchana mwombolezaji hutokwa na jasho jingi kuliko machozi. Jambo hilo la paa mbili liliniuma, kwa sababu ni akili ya bei nafuu na sikuwahi kuifikiria.

Ndani kulikuwa na sakafu ya mbao, zulia, kitanda chenye nguzo nne na chandarua kama cha bibi harusi, na choo cha kuvuta maji. Mke wangu akazunguka kitanda mara mbili akitafuta kasoro. Kisha meneja, kijana mpole sana, akaanza kutuonyesha fahari za mahali pale, na kadiri alivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuhesabu. Taa ni kandili. Bafu ni ndoo: ukitaka kuoga unatoa taarifa, wanapasha maji moto kwa kuni, wanaijaza ndoo, wanaipandisha juu kwa kamba, nawe unavuta mnyororo na kuoga haraka kabla haijaisha. Mkate huokwa kwa makaa. Mtandao wa simu hakuna, naye alilitamka hilo akitabasamu, kama mtu anayetoa zawadi. Nikamtazama mke wangu naye akanitazama. Kondele mfereji ukikauka tunaoga ndoo, stima ikipotea tunawasha kandili, gesi ikiisha tunapikia makaa, na bando ikikata hatupatikani, na kwa hayo yote hakuna aliyewahi kunitoza ng'ombe. Tofauti niliyoiona ni kwamba ndoo yetu hukaa chini.

Wakati wa chakula, kilicholetwa kidogo kidogo katika sahani kubwa, meneja alitusimulia kwamba ufahari wa aina hii una historia ndefu, na kwamba Theodore Roosevelt, alipotoka kwenye urais wa Marekani mwaka 1909, alikuja hapa kwetu kuwinda akiwa na wapagazi zaidi ya mia mbili waliomtembeza nchi hii na mahema yake. Wazungu waliokuwa mezani walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilimuuliza ni nani aliyekuwa akihesabu vigingi asubuhi kabla ya kuondoka, kwa sababu kwa uzoefu wangu hapo ndipo vitu hupotelea, lakini hakuwa na jibu.

Siku ya pili tulipelekwa kuona boma la Wagabra, wafugaji wa ngamia wa huko, na hapo ndipo nilipokutana na mtu wa kazi yangu. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, ambaye nyumba yake aliijenga mwenyewe kwa fito zilizopindwa na mikeka aliyoisuka. Kwa Wagabra kujenga na kubomoa nyumba ni kazi ya wanawake. Wakihama, nyumba inafunguliwa, fito zile zile zinakuwa fremu juu ya mgongo wa ngamia, mikeka inafungwa juu yake, na nyumba inaondoka. Nililizunguka lile jumba nikitafuta fundo ambalo ningeweza kulikosoa, sikulipata. Mimi nina mkokoteni, vijana wanne na nyundo tatu, na bado Jumapili jioni vyuma viwili hubaki shambani kwa marehemu.

Yule mama aliniuliza, kupitia kwa dereva wa kambi, tunalipa nini kule tunakolala. Nikamjibu: ng'ombe mmoja kwa usiku mmoja. Akataka jibu lirudiwe. Kisha akauliza kama tukiondoka nyumba ile tunaibeba, yaani inabaki kuwa yetu.

"Hapana," nikasema.

Akanitazama kwa huruma niliyoitambua mara moja, kwa sababu ndiyo ninayowapa wateja wangu bure.

Usiku huo upepo ukaja. Kule kaskazini upepo si jambo la kubahatisha. Unapita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu kama unavyopita katika kichochoro, na upande wa Loiyangalani wamesimamisha mitambo 365 ya kuufua umeme. Wageni wengine, nadhani, walijifunika wakasema wako likizo. Mimi nililala nikisikiliza turubai linavyopiga, na kwa mpigo wake nikajua kamba ya upande wa kaskazini imelegea. Nilijigeuza. Nikajifunika uso. Mke wangu alikuwa ameikumbatia chupa ya maji moto waliyoiweka kitandani, maana jangwa lile lililotukaanga mchana lilikuwa limepoa hadi mtu ukatamani blanketi la pili, na alikuwa akikoroma kwa amani ya mtu ambaye kazi yake ni nyingine. Saa saba na nusu nilishindwa, nikatoka kwa bukta na fulana.

Askari alinimulika tochi. "Mzee, umepotea?"

"Kigingi chako hakishiki," nikamwambia. "Udongo huu wa chumvi juu ni ganda, chini ni unga. Usikipige zaidi. Lete gunia, tulijaze mchanga, tulifunge kamba, tulifukie."

Akaleta gunia. Tulifukia la kwanza, tukahamia hema la jirani ambalo hali yake ilikuwa mbaya zaidi, na ilipofika saa tisa tulikuwa tumeyazunguka mahema sita. Kusema kweli hiyo ndiyo sehemu ya safari niliyoifurahia, jambo ambalo sijamwambia mtu nyumbani. Asubuhi meneja alinishukuru mbele ya wageni na kuniletea kikombe cha kahawa, ambacho kwa vyovyote vile kilikuwa kimeshalipiwa ndani ya ng'ombe.

Katika kurudi tulisimama Nakuru kunywa chai. Mkwe wangu alikohoa kidogo, akaketi tena kwenye ncha ya kiti, na nikajua kuna neno.

"Baba, nilikuwa nafikiri kuhusu wale ng'ombe wawili," akasema. "Siku zilikuwa mbili. Nikaona, kwa hesabu, pengine tuseme wamefika."

"Wamefika wapi?" nikamuuliza. "Hema lilikuwa lako. Wewe ndiye uliyelipa, ukapewa risiti yenye jina lako. Mimi nilikuwa mgeni wako tu."

Hapo mke wangu akaweka kikombe mezani. "Kama hema lilikuwa lake," akasema taratibu, "basi tumelala kwa mkwe."

"Wewe mwenyewe ulisema zipu si mlango!"

"Nilisema kabla sijaona. Lile lilikuwa na sakafu ya mbao na choo cha ndani. Sasa chagua, Baba Achieng'. Ama hema lilikuwa letu, na ng'ombe wamelipwa, ama lilikuwa la mkwe, na tuna makosa ya kwenda kuwaeleza wazee."

Nilimtazama binti yangu, naye akawa anasoma simu yake kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona alipokuwa shuleni. Kutoka Nakuru hadi Kericho sikusema neno, na kutoka Kericho hadi Ahero nilisema moja, ambalo sitaliandika.

Tulipofika Kondele kijana mmoja alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, macho mekundu, akitazama chini. Alitaka hema la watu mia, mazishi ni Jumamosi, na akaniuliza bei. Nikamwambia kwanza anieleze ana ng'ombe wangapi.